Salamu za Zulekha

Zamani Bi Mwanakheri alipomsabahi bintiye Zulekha, mwenye usonji wa Asperger, alijibiwa ukweli mtupu: "Mbaya. Fulana inanikwaruza, nawe unanuka vitunguu." Majirani walinuna. Ikaja sheria: asiyejua kusalimiana apandikizwe kooni kidude cha kumjibia kwa adabu. Mama mwenyewe akaridhia bintiye apandikizwe.

Leo Zulekha amejikunyata jikoni, mkono umebabuka kwa chai ya moto, machozi yanamchuruzika.

"Umeungua wapi kwingine, mwanangu?"

"Salama, mama. Za kwako?"

"Niambie kweli! Nitukane, basi!"

Zulekha, ambaye hajawahi kumtazama mtu machoni, akamkazia mamake macho, midomo ikijaribu kuunda neno lake mwenyewe.

"Hatujambo, alhamdulillahi," kikajibu kidude. "Karibu chai."