Gego la Mishi

Daktari wa meno aliliweka gego la Mishi, mtoto wa miaka minane, juu ya pamba. Lilikuwa limetoboka hadi mzizini.

"Mama, huwa analala na pipi mdomoni?"

"Bila pipi halali, daktari," Rukaya alijibu. "Wala sikumsumbua na mswaki. Meno ya utoto si yatang'oka tu?"

"Hili si la utoto. Liliota akiwa na miaka sita. Jingine halitaota."

Walipofika nyumbani, kabla Rukaya hajasema neno, Mishi alilirusha jino juu ya paa kama watoto wote wa mtaa ule. "Kunguru, chukua bovu, niletee jipya!"

Sasa kila asubuhi hupiga mswaki bila kuambiwa, kisha huachama mbele ya mama yake.

"Limeota?"

Rukaya huchungulia lile pengo. "Bado, mwanangu."