Magamba Mawili Ulingoni

Mama Kaa alikuwa akizoa mchanga mlangoni Dagaa alipofika akihema.

"Mama Nyundo, mwanao amewamaliza wapinzani wote ulingoni! Sasa watazamaji wanabishana kama angempiga Kishindo, bingwa wa enzi za babu."

"Kishindo si alikufa?"

"Gamba lake lipo. Wameliweka ulingoni apigane nalo."

Mama aliacha kazi, akaenda mbio. Mgongo wa mwanawe ulikwisha kuanza kupasuka, na kaa anayejivua gamba hujificha, maana Pweza humla angali laini.

Ulingoni maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Nyundo alirusha gando. Gamba la Kishindo lilielea polepole, likarudi, kama mtu apumuaye usingizini. Alipiga tena na tena, hadi mgongo wake ukafunguka, akateleza nje, laini kama ute. Sasa yalielea magamba mawili.

"La Nyundo ni pana zaidi!" watazamaji walibishana.

"Nenda zako! La Kishindo ndilo gamba!"

Hakuna aliyemtazama Nyundo mwenyewe. Mwambani, mkono wa Pweza ulianza kujinyoosha.

"Mama, waambie bingwa ni mimi," alinong'ona.

"Nyamaza, baba. Wakikujua wao, na Pweza atakujua. Twende."

Nyumbani alipakua mwani, akawahesabu wanawe. Wote walikuwepo, na yule laini alikaa katikati.