Kipimo cha Mkono

Wimbo ulikwisha, watu wakapiga makofi, na mpiga besi akabaki ameling'ang'ania gitaa lake kama mtu aliyenaswa na umeme. Vidole vya mkono wa kushoto viligoma kuachia. Akawatabasamia maharusi, akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya pazia.

Mkewe alikuwa akimsubiri pale na taulo la maji moto. Alianza na gumba, akaja kwenye cha pili, na vile vilivyokaza zaidi akavifungua kwa kupenyeza chini yake kidole chake cha mwisho cha kushoto. Kidole hicho kilipinda kama ndoano tangu utotoni, kilipobanwa na mlango.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, "lakini changu kinafungua mkono wa mtu mzima."

"Wewe tania tu. Siku kikishindwa utanirudisha nyumbani na gitaa limening'inia."

"Uzi wa tatu ulikuwa umelegea tangu wimbo wa pili," akamjibu, akaanza kulifuta gitaa jasho. Alikuwa na masikio makali. Mpiga besi alipenda kumsifia kwa watu: damu ya fundi hiyo.

Kiongozi wa bendi akachungulia. "Kaka, Jumamosi tunarekodi. Uje na mkono unaofunguka, la sivyo nafasi yako ina mtu."

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mfungwa wa gitaa lile. Shingo ya gitaa ilikuwa nyembamba mno kwa vidole vyake vinene, na ili asibonyeze nyuzi mbili kwa pamoja ilimbidi avikunje kama anayeokota sindano. Alijaribu magitaa mengine. Kwenye shingo pana, vidole vilivyokwisha kuzoea kujikunja vilipotea njia. Kuliuza asingethubutu: lilichongwa kwa mkono na baba mkwe wake, naye alikabidhiwa wiki ya harusi. Ubaya zaidi ni kwamba alilipenda. Lilikuwa na sauti nzito, tamu, na hakuna jingine lililowahi kumwitikia vile.

Jukwaani alikuwa na kichekesho chake. "Nilipokwenda kuposa, mzee alinishika mkono, hauachii! Nikajua nimenyimwa binti. Kumbe ananipima gitaa!" Watu walicheka kila mara. Mkewe, kama alikuwapo, alikumbuka jambo la kufanya nje. Labda alichoka kukisikia, maana alivijua vyote vya mumewe. Hata ule mstari wa besi uliompa jina, aliuokota nyumbani asubuhi moja, mkewe akiuimba mdomo umefumba huku anapiga pasi.

Kesho yake akalibeba gitaa hadi karakana ya mkwe. Randa na patasi zilikuwa zimeshafungwa kwenye masanduku. Mzee alikuwa anafunga kazi. Mezani palibaki jiliwa la kubania mbao tu na kopo la gundi iliyokauka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkono umekaza tena?"

"Baba, leo sikuja kubadilisha nyuzi. Naomba unipanulie shingo hii. Bandika mbao, hata ya unene wa ukucha."

"Shingo hiyo haijakosewa."

"Umeniambia hivyo miaka yote. Jumamosi nafukuzwa kazi, baba. Sasa nitakula nini, kutokukosewa kwake?"

Mzee alilipokea gitaa, akawa anapapasa uso wa shingo kwa gumba, pale palipokuwa na michubuko midogo kati ya vyuma vya mwanzo vinavyoigawa shingo. Michubuko hiyo ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa. Wakati ule mzee alisema alikuwa akilijaribu, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akipiga hata wimbo mmoja.

"Ulipokuja kuposa ulikuwa unapiga gitaa la kuazima," akasema hatimaye. "Mkono mtupu haulambwi. Nami sikutaka binti yangu aolewe na mtu wa kuazima. Hili lilikuwa limeshakamilika, limetundikwa ukutani pale. Nikalishusha."

"Nakushukuru, baba. Kila siku nakushukuru. Lakini linanimaliza."

Mzee akainua mikono yake hewani. Ilitetemeka yote miwili. "Mimi siwezi tena kulichonga. Kiolezo nilichofuata kulichonga kimo kwenye droo ya chini. Mpelekee fundi mwingine, aongezee kuanzia hapo." Akalilaza gitaa mezani. "Ila mwambie binti yangu kabla halijakatwa."

"Yeye? Atafurahi huyo. Amechoka kunifungua vidole."

Mzee akageuza uso, akajifanya anatafuta miwani.

Mpiga besi akapiga magoti, akaivuta droo kwa nguvu mpaka ikakubali. Kiolezo kilikuwa kipande cha mbao nyembamba, na juu yake mkono wa kushoto uliochorwa kwa penseli, kila kidole na kipimo chake pembeni. Moyo wake ukatulia, akacheka mwenyewe pale sakafuni. Kumbe kweli alipimwa. Ile hadithi ya jukwaani haikuwa uongo.

Akauweka mkono wake juu ya ule wa penseli.

Mchoro wote ukapotea chini ya kiganja chake. Akauondoa mkono polepole, akatazama. Kwenye ile mbao, kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoano.