Sifuri Mbili za Mbele

Tangu asubuhi kompyuta ya zahanati ilikuwa ikiwakana wagonjwa, na mabenchi yamejaa. Fundi Kiondo akaijaribu kwa namba ya kadi pekee aliyoijua kwa kichwa, 00731, ya marehemu mkewe. Ikajibu: hayupo.

Akaona kosa. Namba zilihifadhiwa kama maandishi, lakini amri ya kutafuta ilizichukua kama hesabu, ikazitupa sifuri za mbele na kutafuta 731 tu. Akairekebisha, akajaribu tena.

Jina la mkewe, Zuhena, likatokea. Hali: yu hai. Kliniki: Jumatatu.

"Imekubali, fundi?" nesi Mwajabu akachungulia, akalisoma jina. "Pole. Hatukuandika kwamba alifariki. Basi mwandike marehemu, tuite watu."

"Subiri kidogo, dada."

Akavuta kiti karibu na kioo cha kompyuta, mikono ameipakata, asiguse kitufe.