Nafasi ya Hewa

Huseni aliutambua uzi ule mara tu ulipochomoza kwenye mfuko wa fundi. Uzi mwekundu, wenye mafundo mawili. Ndio uleule ambao mkewe, Assia, alimpimia mabega siku tatu kabla, akisema anataka kumshonea kanzu ya Idi.

Sasa ulikuwa kwa Sébastien.

"Huo uzi umeutoa wapi?"

"Ni wa kupimia tu, patron." Sébastien hakugeuka. Aligonga jiwe kwa mpini wa mwiko mpaka likakaa. "Fundi anapima na kila kitu."

Vibarua wawili walicheka.

Nyumba ile ya Kinindo ilikuwa fahari yake. Mwaka huo wa 1995, katikati ya vita, nguzo za umeme ziliangushwa milimani kila mara, na matajiri wa mtaa walilala na ngurumo za jenereta. Yeye, fundi magari wa Ngagara, aliamua kujenga nyumba isiyoomba feni wala mafuta: kuta mbili mbili za mawe ya mto, na katikati yake nafasi ya hewa, upana wa shubiri, jua la mchana life hukohuko nje. Kila asubuhi alikuja kusimamia, timazi mkononi. Hakuna jiwe lililopinda akaliacha.

Fahari hiyo ilikuwa na kidonda kimoja. Kaka yake, Radjabu, alichukuliwa na watu wenye orodha ya majina, wakamburuta kutoka chini ya kitanda. Assia alimsihi mumewe atafute pa kujificha zamu yake ikifika.

"Mi si panya!" Huseni alifoka. "Watanikuta mlangoni, nimesimama. Na hayo maneno nisiyasikie tena humu!"

Hakuyasikia tena.

Alichosikia badala yake ni minong'ono. Assia, ambaye zamani hakujua hata saruji inauzwaje, sasa alikuja kila siku na chai, akakaa na fundi, na wote wawili wakanyamaza Huseni alipotokea. Na fundi mwenyewe ni nani? Mtu aliyevuka kutoka Uvira na mwiko mmoja na suruali mbili! Mabega mapana, kimo kilekile cha Huseni, hata vibarua waliwachanganya wakiwaona kwa nyuma. Basi mwanamke amwone nani, mwenye nyumba au mwenye mwiko?

Kisha sweta lake la kijani, la safari za baridi za Bugarama, likatoweka kabatini.

"Baba Khadidja, nani anataka sweta na joto hili?" Assia alisema. "Labda panya wamekula."

Panya mwenye mwiko, Huseni aliwaza, na usiku ule hakuugusa ugali.

Ijumaa alitoka msikitini mapema. Kwenye chumba cha kulala, ambacho hakijaezekwa, alimkuta Sébastien amezama katikati ya zile kuta mbili mpaka shingoni. Assia amemwinamia kwa juu, uzi mkononi, anacheka.

"Unaenea?"

"Naenea, Mama Khadidja. Kama niliumbiwa humu!"

Huseni hakuona tena jua. Alipima nafasi ile kwa mkono wake mwenyewe. Kwingine kote shubiri. Hapa, dhiraa nzima.

"Toka! Rudi kwenu Uvira, leo hii!"

Sébastien alijivuta nje, akajikung'uta vumbi. Alimtazama Assia. Assia alitazama chini.

"Sawa, patron, naenda. Lakini hii nafasi usiiguse. Ni ya hewa."

"Hewa ya nani? Yako?"

"Apana," fundi alisema polepole. "Yako, patron."

Kesho yake Assia alishinda Ngagara, kwenye nyumba yao ya zamani, akifunga vyombo. Huseni alipanda jukwaani na vibarua wake, wakamwaga kokoto katika nafasi ile, karai baada ya karai. Hakuchungulia chini. Kila karai lilimpa raha kama tusi alilokuwa amelimeza muda mrefu. Zilipofika ukingoni, akaziba juu kwa saruji, kwa mkono wake. Hakumwambia mkewe. Alitaka agundue peke yake, naye awepo amtazame uso.

Walihamia. Nyumba nzima ilikuwa baridi kama mtungi, isipokuwa chumba cha kulala, uliposimama ule ukuta uliojazwa. Assia hakulalamikia joto. Aliliegemeza kabati kubwa kwenye ukuta huo, na kwa mara ya kwanza tangu Radjabu achukuliwe, akawa analala fofofo. Hilo nalo lilimchoma Huseni. Anaota nani?

Jumatatu moja ilikuwa siku ya mji mfu, mgomo wa mji mzima: maduka yamefungwa, barabara tupu. Saa nne asubuhi geti likagongwa kwa vitako vya bunduki.

"Huseni! Toka, tunajua umo!"

Alisimama akabiliane nao mlangoni, kama alivyoapa. Badala yake akajikuta anarudi nyuma.

Assia hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamvuta mpaka chumbani, akalisukuma kabati kwa bega. Karibu na sakafu palikuwa na mawe mawili makubwa, yamepakwa saruji usoni tu. Msimamizi mwenye timazi hakuwahi kuyagundua. Assia aliingiza kisu kwenye mwanya.

"Ingia, Baba Khadidja. Utanigombeza kesho. Sébastien ameipima kwa mwili wake. We unaenea."

Akalivuta jiwe la kwanza.

Kokoto zikaporomoka miguuni mwao, zikaporomoka, zikaporomoka, na katikati yake likatoka sweta lake la kijani, lingali limekunjwa.