Neno Moja la Mzee Yeremia

Mwaka ule ambao kila lugha iliamriwa kurudisha maneno iliyoyaazima, Mzee Yeremia alikuwa amebakiwa na neno moja tu. Kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi, na kwa miezi minne mkewe, Bi Damari, hakusikia kwake ila "chai". Akitaka maji, alisema chai. Mkewe akiingia, alisema chai kwa furaha.

Asubuhi moja afisa wa lugha alibisha hodi nyumbani kwao Korogwe.

"Shikamoo, mama. Neno hilo si letu. Likirudishwa kwao, mzee hataruhusiwa kulitamka tena."

"Marahaba. Na hilo la 'afisa', mwanangu, tumelizaa wenyewe?"

Afisa alicheka kwa aibu, akafungua mtambo wake ili amtafute mwenye neno. Wahindi walijibu kwamba walilipokea kwa Waajemi. Waajemi wakawataja Wachina. Wachina wakajibu kwamba jani lilipouzwa, jina liliuzwa pamoja nalo, nao hawadai kitu.

"Basi libaki hapa," akasema afisa.

Bi Damari alishusha pumzi, akawamiminia wote wawili chai. Mzee Yeremia akaonja, akakunja uso, akajitahidi mpaka jasho likamtoka.

"Sukari," akasema.

Bi Damari akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka. Pale mezani mtambo ukaanza kulia: umenasa neno jingine la kuazima. Afisa akautazama, akaufunika kwa kofia yake, kisha akamsogezea mzee kopo la sukari.