Wateja wa Shangazi

Mteja wa kwanza alipofungua pochi yake, Mama Uzi alimkanyaga mguu.

"Asante sana, mama, karibu tena!" akasema kwa sauti ya kufika barabarani, ingawa mkononi hakupewa kitu. Akavuta mtoto wa meza, akazitikisa sarafu zilizokuwamo, akaifunga droo kwa kishindo. Kisha akainama kama anayefunga mfuko, akanong'ona, "Rudisha pochi. Chukua, toka. Si unajua mwenyewe?" Na jicho akalikonyeza.

Yule mwanamke alibaki mdomo wazi. Halafu akazikumbatia kofia zake za watoto, akatoka mbiombio.

Kwenye kiti karibu na mlango, shemeji aliweka kikombe cha chai chini.

"Kumbe wapo wanaonunua hivi vinyuzi?"

"Umeona kidogo, shemeji. Kaa utazame."

Chumba kilikuwa cha shemeji huyo, kaka wa mumewe, muuza vipuri vya pikipiki. Alimwazima Mama Uzi kwa moyo mweupe, afume humo na kufundisha kroshia. Lakini wanafunzi walikuwa wawili, na mmoja alikuja kwa sababu kwao hakuna feni. Shemeji akachoka.

"Sikufukuzi," alimwambia, "ila matairi yangu yananyeshewa. Jumamosi nitakuja kukaa mwenyewe. Nikiona watu wananunua, zeekea humo. Nisipoona, Jumapili naleta matairi."

Mama Uzi alilia hadi akafumua shali zima bila kujua. Ndipo shangazi yake, anayekaa upande wa pili wa mji, akamwambia, "Futa machozi. Nina kikundi changu cha kina mama. Wale ukiwaambia walie, wanalia. Ukiwaambia wanunue, watanunua. Watakuja mmoja mmoja. Wewe huwajui na shemeji yako hawajui. Watachukua vitu, watatokea mbele, watazungukia nyuma na kuviacha kwenye kapu nje ya geti la uani. Jioni unapanga rafu zako kama kawaida."

Basi ndio hao sasa wanamiminika.

Jamani, walikuwa wanajua kazi! Mmoja aliushika mkoba akauvuta huku na huku, akaugeuza ndani nje, akataka apunguziwe. Mama Uzi akakataa. Yule akaondoka, akafika mlangoni, akarudi. Walibishana mpaka shemeji akaingilia, "Mpunguzie bwana, mteja huyo!" Walipopatana, Mama Uzi akamkonyeza na kumnong'oneza yale yale. Mwanamke akamtazama kama anayetazama kichaa, kisha akatazama mkoba, kisha mlango.

"Mungu akuzidishie," akasema.

Hata dua anaiigiza, aliwaza Mama Uzi. Shangazi kawafunza hawa!

Simu ikatetemeka mfukoni. Shangazi. Akaikata. Tena ikatetemeka, akaizima kabisa. Mtu mzima hana subira, anataka kusifiwa kabla kazi haijaisha!

Akaja mjamzito, akatandaza blanketi la mtoto juu ya tumbo lake, akauliza kama likifuliwa linatoa rangi. Kwa huyu, shemeji alisogeza kiti kabisa amwone vizuri. Ikabidi Mama Uzi afanye la ziada. Akafungua mtoto wa meza, akatoa noti yake halisi.

"Na chenji yako hii hapa, mama kijacho."

"Chenji?"

"Chenji. Hesabu, usije ukasema nimekuibia."

Mjamzito alishika noti kwa vidole viwili. Mshangao ule, nakuambia, usingepatikana kwa mazoezi.

Baada ya hapo hapakuwa na kupumua. Walikuja wawili wawili, wakaja na dada zao, mmoja akaja na mama mkwe. Shangazi alisema kikundi, hakusema jeshi. Kina dada wengine wakauliza habari za kujifunza.

"Darasa ni Jumatatu," Mama Uzi akatangaza, maana shemeji alikuwa ametega sikio. Kisha kwa kunong'ona, "Kwenu ninyi bure. Hadi mtakapofuzu."

Wakaruka kwa furaha. Akawasogezea na sindano za kroshia, wakazitia mikobani.

Lilibaki shali la mkia wa tausi, lililokuwa limetundikwa ukutani. Mchoro ule aliutoa kichwani mwake mwenyewe, akaufumua mara nyingi mpaka manyoya yakakaa sawa. Bibi mmoja mwenye miwani akalishika, akasema bei hiyo haiwezi, labda mwakani.

Mama Uzi alichukia. Wakati huu wa mwisho, ndio anaharibu? Akamvisha mwenyewe mabegani, akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Limeshalipiwa, bibi! Nenda, nenda!"

Jioni rafu zote zilikuwa tupu. Shemeji akasimama, akajinyoosha mgongo, akampa mkono.

"Nimeshindwa. Matairi yangu yataendelea kunyeshewa. Chumba ni chako." Akageuka mlangoni. "Ila kwa mauzo haya, shemeji, kuanzia mwezi ujao utanilipa kodi kama wapangaji wengine."

"Nitalipa!" akajibu Mama Uzi, kicheko kikimbana mbavu.

Shemeji alipopotea kwenye kona, akafunga mlango wa mbele, akaenda uani akiimba, akiwaza atakavyopanga rafu upya. Akafungua geti.

Nje alisimama shangazi, vumbi hadi kwenye kope, na nyuma yake msururu wa kina mama wameshika viatu mikononi.

"Mwanangu, tusamehe," shangazi akasema akihema. "Basi limetuharibikia njiani tangu asubuhi, na simu hupokei. Shemeji yako bado yupo? Aanze kuingia nani?"